Namna ya Kunufaika na Sera za Serikali kwa Biashara Ndogo Jijini Dar es Salaam

Sera za kusaidia biashara ndogo nchini Tanzania si chache, wala hazikuanza jana. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ilitolewa mwaka 2003. Sheria ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ilipitishwa mwaka 2004. Na Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara na Uwekezaji, unaofahamika kwa kifupi cha MKUMBI, ulianza kutekelezwa Julai 2019. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Tandika au Manzese akiulizwa Serikali imemsaidia nini, mara nyingi atataja jambo moja tu, mkopo wa halmashauri, na pengine ataongeza kwamba aliuomba akaukosa. Misaada mingine, ambayo kwa maoni yangu ina thamani kubwa kuliko mkopo huo, humpita kwa sababu hakuna aliyemweleza mlango wake uko wapi na ni karatasi gani unazidai mlango huo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye biashara ndogo katika halmashauri tano za mkoa huu, yaani Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Unafuata mpangilio ambao mtu anapaswa kuufuata mwenyewe, kwa kuwa ofisi nyingi haziwezi kumhudumia mtu aliyeruka hatua ya ofisi iliyotangulia.

Fahamu wewe ni mdogo kwa kipimo cha nani

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kila ofisi ina kipimo chake cha udogo. Sera ya mwaka 2003 inapima kwa idadi ya wafanyakazi na kwa mtaji uliowekezwa kwenye mitambo. Biashara yenye mtu mmoja hadi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji unaozidi milioni 5 hadi milioni 200 ni ndogo. Na yenye watu 50 hadi 99 na mtaji unaozidi milioni 200 hadi milioni 800 ni ya kati. Ikitokea kwamba idadi ya watu inakuweka daraja moja na mtaji unakuweka daraja jingine, mtaji ndio unaoamua. Hiki ndicho kipimo ambacho SIDO na taasisi za sekta ya viwanda hukirejea.

Mamlaka ya Mapato (TRA) haiulizi una mitambo ya shilingi ngapi. Yenyewe huuliza mauzo ya mwaka, kabla ya kutoa gharama yoyote. Halmashauri nayo, inapotoa mkopo wake, haiangalii mtaji wala mauzo kwanza, bali huangalia wewe ni nani: mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu, na uko kwenye kikundi gani. Kwa hiyo mtu huyohuyo anaweza kuwa mdogo sana mbele ya SIDO, akawa mlipakodi wa kawaida mbele ya TRA, na akawa si mlengwa kabisa mbele ya halmashauri. Hakuna kosa lolote katika hilo, ilimradi takwimu anazozitoa kwenye ofisi hizo zinafanana. Mtu anayeieleza TRA kwamba mauzo yake ni milioni 3 kwa mwaka, kisha akaieleza benki kwamba ni milioni 30 ili apewe mkopo mkubwa, amejitengenezea kesi kwa mikono yake, kwa kuwa benki zinadai nyaraka za kodi na mifumo ya Serikali inazidi kusomana kupitia namba ya NIDA na namba ya mlipakodi.

Karatasi za msingi, kwa mpangilio wake

Anza na namba ya utambulisho wa Taifa ya NIDA, yenye tarakimu 20. Jina lilivyoandikwa hapo ndivyo litakavyosomeka kwenye kila mfumo utakaofuata, kwa hiyo kama lina herufi iliyokosewa, sahihisha sasa. Kisha nenda kwenye namba ya mlipakodi, maarufu kama TIN, ambayo hutolewa bure. Wapo wengi waliowahi kupata TIN isiyo ya biashara wakati wa kutafuta leseni ya udereva au kusajili chombo cha moto. Hao hawapaswi kuomba nyingine, bali wanatakiwa kwenda ofisi ya TRA ya wilaya yao ili namba hiyohiyo ibadilishwe kuwa ya biashara.

Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Anayefanya biashara kwa majina yake mwenyewe halazimiki kusajili jina, lakini ukitaka kuweka lebo kwenye chupa au kufungua akaunti ya benki kwa jina la duka, utalihitaji. Hapa natoa tahadhari ambayo sioni ikitolewa mara nyingi: usikimbilie kusajili kampuni kwa sababu tu jina lenye neno "Limited" linapendeza kwenye kibao. Unafuu wa kodi nitakaoueleza hapa chini ni wa mtu binafsi mkazi, wala si wa kampuni. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida na hudaiwa hesabu rasmi kila mwaka, hata kama wanahisa wake ni mume na mke wanaouza vipuri kwenye fremu moja pale Gerezani.

Baada ya hapo inafuata leseni. Shughuli nyingi ndogo, kama duka la rejareja, mgahawa, saluni au ushonaji, leseni yake hutolewa na halmashauri, na maombi hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI. Utaombwa TIN, hati ya kutodaiwa kodi kutoka TRA, na uthibitisho wa mahali unapofanyia kazi, ambao kwa wengi wetu ni mkataba wa pango. Mkataba huo unadaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, na mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi, hasa Kariakoo na maeneo ya jirani, hawapendi kusikia habari ya asilimia 10, na hatimaye mzigo humwangukia mpangaji. Lizungumzeni kabla ya kusaini, na liandikwe kwenye mkataba, maana baada ya kulipa kodi ya miezi sita mkononi hutakuwa na la kumwambia.

Maombi haya yote mtu anaweza kuyafanya mwenyewe kwa simu, na asiyejiweza kwa mambo ya mtandao anaweza kusaidiwa kwenye steshenari yoyote kwa malipo madogo. Cha kuepuka ni kishoka anayejaza namba yake ya simu na barua pepe yake mahali pa zako. Siku utakapohitaji nywila ya kuingia kwenye mfumo ili kuhuisha leseni, itabidi umtafute yeye kwanza, naye atajua kwamba unamhitaji.

Wamachinga na mamantilie ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 wana njia fupi zaidi. Kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, kilichoanza kutolewa Desemba 2018 na baadaye kikageuzwa kuwa cha kidijitali chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, hugharimu shilingi 20,000 na hudumu miaka mitatu. Usajili hufanyika kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kitambulisho hicho humtambulisha mhusika na humwingiza kwenye orodha ya wanaofikiriwa kwa mikopo ya wafanyabiashara ndogondogo, ila hakimpi haki ya kupanga meza juu ya hifadhi ya barabara. Waliohamishwa katika operesheni ya Oktoba 2021 wanalijua hilo vizuri.

Kodi: mahali ambapo daftari ni fedha

Watu wengi hawahesabu kodi kuwa miongoni mwa misaada ya Serikali, nami sishangai. Lakini ndani ya mfumo wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo kuna unafuu ambao hudhihirika kwa aliyeweka kumbukumbu tu. Viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ni hivi. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11 hulipa 250,000 bila kumbukumbu. Akiwa nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Tuchukue fundi cherehani wa Mwananyamala ambaye mauzo yake kwa mwaka ni shilingi milioni 4 na nusu. Bila daftari atalipa 100,000. Akiwa na daftari, anatozwa asilimia 3 ya laki tano, yaani 15,000. Muuza mitumba wa Ilala mwenye mauzo ya milioni 9 atalipa 250,000 asipokuwa na kumbukumbu, na 150,000 akiwa nazo. Daftari lenyewe halihitaji mhasibu: tarehe, kilichouzwa, kiasi, na kilichonunuliwa, pamoja na risiti za manunuzi zilizopangwa kwa mwezi. Tofauti ya shilingi 85,000 au 100,000 kwa mwaka ni mtaji wa mzigo mdogo, na haina dhamana, haina riba wala haisubiri kikao cha kamati.

Angalia pia mahali ambapo ngazi hii ina daraja refu kupita kiasi. Mwenye mauzo ya milioni 11 kamili na kumbukumbu zake hulipa 210,000. Akiuza milioni 12, kodi inaruka hadi 420,000, kwa sababu sasa inahesabiwa kwenye mauzo yote, si kwenye ziada peke yake. Kuanzia milioni 11 hizo pia ndipo wajibu wa kutumia mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti, unapoanza. Binafsi naona kwamba hapo sera inamwadhibu anayekua, na si ajabu kwamba wengi hujifungia chini ya mstari huo. Lakini kwa kuwa ndivyo ilivyo, mfanyabiashara anayekaribia kiwango hicho apange bei na gharama zake mapema, kabla mwaka haujaisha, badala ya kushtukizwa mwezi Machi wakati wa kufanyiwa makadirio. Malipo yenyewe yamegawanywa katika awamu nne za mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Viwango vingine viwili vinafaa kukumbukwa. Usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani ni lazima pale mauzo yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, baada ya kiwango hicho kupandishwa kutoka milioni 100 mwezi Julai 2023. Na tozo ya kuendeleza ufundi stadi humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya mwaka 2021 ilianzia kwa wafanyakazi wanne. Mwenye karakana ya samani pale Keko anayeogopa kumwandika rasmi kijana wa nne kwa sababu ya tozo hiyo anaogopa jambo lililokwisha kuondolewa. Sheria ya fedha hubadilishwa kila mwaka na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai, hivyo hotuba ya bajeti ya mwezi Juni ni ya kuisikiliza kwa kalamu mkononi.

Alama ya ubora, na kwa nini uanzie Vingunguti

Kama nikilazimishwa kuchagua sera moja iliyo bora kuliko zote kwa mzalishaji mdogo wa Dar es Salaam, nitachagua hii. Shirika la Viwango (TBS), lenye makao yake Ubungo, huwahudumia wajasiriamali wadogo bila kuwatoza gharama za ukaguzi, upimaji wa sampuli na leseni ya alama ya ubora kwa miaka mitatu ya kwanza, kwa kuwa Serikali ndiyo inayobeba gharama hizo. Baada ya hapo ada hupanda hatua kwa hatua. Sharti ni moja: uwe na barua ya utambulisho kutoka SIDO. Asiye na barua hiyo huhesabiwa kama mzalishaji wa kawaida na hulipa kama kiwanda.

Ofisi ya SIDO ya mkoa iko Vingunguti, ndani ya eneo la viwanda. Unapokwenda, beba sampuli ya bidhaa yako na karatasi za msingi zilizotajwa hapo juu, na uwe tayari kueleza unazalishia wapi, kwa sababu swali hilo ndilo linalowakwamisha wengi. TBS husajili na kukagua jengo, na jiko ambalo familia inapikia chakula cha jioni haliwezi kupitishwa kuwa mahali pa kusindika siagi ya karanga. Mtu anayetengeneza sabuni au kusaga viungo nyumbani Mbagala anapaswa kutenga chumba chenye sakafu na kuta zinazosafishika, chenye nyavu madirishani, maji safi na mahali pa kunawia. Asiyeweza awaulize SIDO kuhusu majengo na viatamizi vyao, yaani sehemu za kulea biashara changa, au aungane na wenzake wawili watatu wakodi chumba kimoja. Huko huko hutolewa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, nayo si ya kudharau, kwa kuwa bidhaa nyingi hukataliwa kwa sababu ya lebo: haina viambato, haina uzito halisi, haina tarehe ya kuzalishwa na ya kuisha muda, au haina anwani ya mzalishaji.

Kabla ya mwaka 2019 msindikaji wa chakula alilazimika kupita kwa mdhibiti wa chakula na dawa na kisha kupita TBS, akalipa huku na huku. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilihamishia udhibiti wa chakula na vipodozi TBS, na hiyo ni moja ya faida za MKUMBI zinazoonekana kwa macho. Kwa hiyo mtu atakayekudai ada ya usajili wa chakula kwa jina la mamlaka iliyokwisha ondolewa jukumu hilo, mwombe namba ya malipo ya Serikali. Hatakuwa nayo.

Faida ya alama ya ubora haiishii kwenye sifa. Supamaketi hazipokei bidhaa isiyo nayo, na anayetaka kuvuka mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huulizwa alama hiyo, kwa kuwa nchi wanachama hutambuliana alama za ubora. SIDO pia ina Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali, ulioanzishwa mwaka 1994, na mtu aliyekwisha kufahamika pale kwa bidhaa yake huanza safari ya mkopo akiwa na mtu wa kumsemea.

Mkopo wa asilimia 10

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023, baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kubaini marejesho yasiyofanyika na vikundi vilivyokuwepo kwenye karatasi tu. Ulirejeshwa mwaka 2024 chini ya kanuni mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu utoaji kupitia benki, Jiji la Dar es Salaam likiwa mojawapo. Mkazi wa Buguruni au Gongo la Mboto, kwa hiyo, ajiandae kukutana na benki, ilhali wa Temeke au Kigamboni akutane na halmashauri yenyewe.

Safari huanza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha wanawake au cha vijana kinatakiwa kuwa na watu wasiopungua watano. Kwa watu wenye ulemavu sharti la idadi ni jepesi zaidi. Kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, viongozi waliochaguliwa kwa kikao chenye muhtasari, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na shughuli inayoonekana kwa macho. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa Wezesha, hupitia kamati ya kata, hukaguliwa na kisha kupelekwa ngazi ya halmashauri.

Kwa maoni yangu, karatasi si kikwazo kikubwa. Watu ndio kikwazo. Vikundi vingi huundwa wiki moja baada ya tangazo kutoka, kwa kukusanya majirani watano ambao hawajawahi kuchangiana hata elfu moja. Ofisi ya kata inavijua, na hata kama vingepita, deni ni la wote: mmoja akihama Chanika kwenda Mkuranga na fungu lake, waliobaki wanalipa. Kikundi chenye nafasi nzuri ni kile ambacho tayari kinakopeshana, kwa mfano kikoba kilichosajiliwa kama kikundi cha huduma ndogo za fedha chini ya Sheria ya mwaka 2018, kwa kuwa kina daftari la hisa na marejesho la kuonyesha. Miezi kadhaa ya kumbukumbu za namna hiyo humshawishi mkaguzi kuliko andiko la mradi lililonakiliwa steshenari, ambalo amekwisha kulisoma kwa majina ya vikundi vingine.

Kuhusu kiasi, omba unachoweza kukieleza. Kama ni mashine ya kufyatulia matofali, ambatisha ankara ya kifani kutoka kwa muuzaji, hesabu ya saruji na mchanga, bei ya tofali mtaani kwenu na idadi mnayotarajia kuuza kwa mwezi. Fedha hizi hutokana na makusanyo ya halmashauri, hivyo hupatikana kwa awamu kadiri mapato yanavyoingia; anayewasilisha maombi mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai na Agosti, hasukumani na msongamano wa mwisho wa mwaka.

Asiyelengwa na mkopo huu, tuseme mwanamume mwenye umri mkubwa asiye na ulemavu, asikimbilie kwa wakopeshaji wa mtaani. Mikopo ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu imewapokonya wengi friji na vitanda. Mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na riba yake haipaswi kuvuka asilimia 3.5 kwa mwezi. Omba kuiona leseni kabla ya kuacha kadi yako ya benki au hati yoyote. Kwa mwenye biashara iliyokwisha kukomaa kidogo lakini asiye na dhamana ya kutosha, Benki Kuu inasimamia tangu mwaka 2005 mfuko wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo na za kati. Mwombaji haendi kwenye mfuko huo mwenyewe. Benki yake ndiyo inayouomba udhamini, hivyo muulize afisa mikopo moja kwa moja kama benki yake imo kwenye mpango huo.

Kuiuzia Serikali

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kushiriki husajiliwa kwa kuidhinishwa na taasisi inayokitambua, ambayo kwa kawaida ni halmashauri kupitia idara ya maendeleo ya jamii, kisha hujiandikisha kwenye mfumo wa NeST, ambao tangu mwaka 2023 ndio unaotumika kwa zabuni za umma. Ndani ya mfumo huo utachagua aina ya shughuli unazoziweza. Chagua chache na za kweli, maana matangazo yatakayokufikia yanafuata uchaguzi huo.

Dar es Salaam ina hospitali, shule, vyuo na ofisi za umma nyingi kuliko mji mwingine wowote nchini, na vingi kati ya vitu vinavyonunuliwa huko si vya ajabu: usafi, chakula cha mikutano, sare, madawati, matengenezo madogo. Anza na vitu hivyo. Lakini pima kwanza kama mfuko wako unaweza kungoja, kwa kuwa taasisi hulipa baada ya kupokea huduma na kukamilisha nyaraka, na malipo yanaweza kuchelewa. Aliyenunua mchele kwa mkopo wa siku 30 ili apike chakula kitakacholipwa baada ya miezi mitatu amejenga hasara ndani ya zabuni aliyoshinda. Usikubali pia kuazimisha jina la kikundi kwa mfanyabiashara mkubwa anayetaka kupita kwenye dirisha la makundi maalumu. Atakayefungiwa ni aliyeazimisha.

Kuna ulinzi mwingine uliokuja Julai 2025, pale waziri mwenye dhamana ya biashara alipotoa amri inayopiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hotelini na viwanda vidogo. Asiye raia akikutwa na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita. Mtanzania anayemkopesha leseni au jina lake naye ana adhabu yake, faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu, na hilo ndilo wenye fremu za Kariakoo wanapaswa kulisoma mara mbili.

Unapokwama

Makadirio ya kodi yasiyolingana na daftari lako yanaweza kupingwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ulipopewa. Pingamizi huambatana na kulipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo, isipokuwa Kamishna akubali kupunguza au kuondoa sharti hilo kwa sababu utakazoeleza. Malalamiko kuhusu namna ulivyohudumiwa, kwa mfano kufungiwa duka bila taarifa au kuombwa fedha pembeni, yana mlango wake tofauti, ambao ni Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, iliyoanzishwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 na inayohudumia bila malipo. Kwa leseni iliyocheleweshwa, anza na afisa biashara wa halmashauri, ukiwa na namba ya ombi lako la TAUSI na tarehe ulipolipia. Kwa kikundi kilichokataliwa mkopo, omba sababu kwa maandishi kutoka kwa afisa maendeleo ya jamii, kwa kuwa kasoro iliyoandikwa inaweza kurekebishwa kabla ya awamu inayofuata, nayo huwa na orodha mpya ya vikundi.